Majina ya Kambi Punda

Jemutai hakuwahi kuomba kazi ya uzee wa mtaa. Siku aliyoipata alikuwa amekwenda barazani kusikiliza habari za mfereji wa maji tu, akaketi nyuma na wanawake wenzake, sweta limefungwa kiunoni. Chifu aliuliza ni nani pale anayeandika vizuri, hanywi pombe na hana kesi na mtu. Watu wakageuka wakamtazama. Alitaka kusema kwamba ana kesi na mwenye posho mill aliyemchanganyia unga, lakini walikuwa wameshapiga makofi. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na minne. Aliambiwa ni kazi ya muda, mpaka apatikane mwingine. Miaka saba ikapita na huyo mwingine hakupatikana.

Kazi yenyewe haina mshahara. Kijana akitaka kitambulisho, sharti aanzie kwa mzee wa mtaa apate barua. Mpangaji akifungiwa mlango na landilodi, anakimbilia kwa mzee wa mtaa. Mtu akifiwa, akipotelewa na mbuzi, akipigwa na mumewe, akishuku kwamba jirani ameunganisha stima kutoka waya wake, wote hao ni wa mzee wa mtaa. Mume wa Jemutai, Kiprugut, aliyekuwa akiendesha lori la viazi kutoka Molo na kulala nyumbani siku mbili tatu kwa wiki, alizoea kusema kwamba serikali imemwoa mke wake bila kuleta hata ng'ombe mmoja. Mwaka wa kwanza aliyasema hayo kwa mzaha. Kufikia mwaka wa tano hakuwa akicheka tena.

Kambi Punda ni mtaa wa upande wa chini wa Nakuru, pale mji unapoteremka kuelekea ziwani. Jina lilitokana na mikokoteni ya wauza maji iliyokuwa ikiegeshwa hapo zamani, na hadi leo punda wapo, kwa kuwa maji ya mfereji huja siku yanapotaka, na ya kisima hugeuza meno ya watoto yakawa ya hudhurungi. Watalii hulitazama ziwa kutoka upande mwingine, penye geti na tikiti. Watu wa Kambi Punda walikuwa wakiliona bure, kwa mbali, ng'ambo ya waya wa mbuga, magadi meupe yamelizunguka kama uji uliokaukia kwenye ukingo wa sufuria. Jemutai alipoolewa hapo kutoka Olenguruone alilipenda. Asubuhi zake hazikuwa na ile baridi ya kwao ya kukata vidole.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Halikuja kwa kishindo hata watu wakapata la kusimulia redioni. Lilipanda polepole, shibiri kwa shibiri, mvua inyeshe isinyeshe. Likameza waya wa mbuga. Likaua migunga, nayo ikabaki imesimama majini, mikavu, myeupe. Likaingia kwenye vishamba vya mahindi, kisha vyooni, na hapo ndipo wenye nyumba za chini walipojua kwamba mambo yameharibika. Nyumba ikiingia maji ya kufika kifundoni, unaweza kuinua kitanda juu ya matofali ukaendelea kuishi. Choo kikijaa hakuna ujanja.

Vyoo vingi vya Kambi Punda vilikuwa kazi ya mkono wa mzee Mbugua. Alikuwa fundi wa mawe, mtu mfupi mwenye mabega mapana, asiyepokea kazi kabla hajaizunguka mara mbili akiitazama. Ploti yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla ya ziwa: nyumba ya vyumba viwili, yake na mkewe Wariara, na ubavuni vyumba vitatu vya kupangisha. Aliijenga kwa miaka kumi na minane, jiwe kwa jiwe, kila alipomaliza kibarua cha watu. Wapangaji walihama kwanza. Yeye na Wariara walikaa wakijikaza kisabuni mpaka asubuhi moja Wariara alipoinama kuokota sufuria sakafuni akakuta kasamaki kanazunguka ndani yake. Siku hiyo hiyo wakahamia chumba cha kukodi huku juu, karibu na kanisa. Mbugua akaanza kulipa kodi ya nyumba akiwa na miaka sabini na miwili, yeye aliyekuwa amejengea nusu ya mtaa.

Ndipo likaja jambo la majina.

Afisa mmoja alifika barazani akaeleza kwamba nyumba zilizoingiliwa na maji ziandikwe, ili wenyewe wafikiriwe. Hakusema wafikiriwe vipi, na watu kila mmoja akajaza mwenyewe: huyu ardhi, yule mabati, yule pesa za kuanzia maisha. Jemutai akavaa gambuti akazunguka siku tatu, akaandika kaya sitini na tatu kwenye daftari la mistari, akipanga kwa kufuata nyumba zilivyo kutoka majini kuja juu. Wapo walionung'unika kwamba ameanza na marafiki zake, na wapo waliosema kwamba ameweka watu wa kabila lake juu. Akawaambia wasome wenyewe: jina la kwanza ni Mbugua, na Mbugua si wa Olenguruone. Hawakusoma, na maneno hayakuisha.

Orodha ile ikarudi. Ofisini walitaka iliyopigwa chapa. Binti yake Abby, anayesoma chuo huko Njoro, akaipiga chapa kwenye kompyuta ya rafiki yake. Hiyo nayo ikarudi kwa kukosa nambari za vitambulisho. Jemutai akazunguka tena, mlango kwa mlango, na wengine walikuwa wamehama, hata ikambidi awatafute kwa simu hadi Molo. Akaipeleka. Baada ya miezi minne akaambiwa afisa aliyeipokea amehamishwa na faili haionekani, lakini si neno, kwa sababu hata ingeonekana isingefaa: sasa wapangaji wanatakiwa waandikwe mbali na wenye ploti. Hiyo ikawa safari ya nne. Kila alipotoka ofisini alimwambia karani asante. Alijichukia kwa hiyo asante.

Kibaya zaidi kilikuwa Jumapili. Mbugua alikuwa na desturi ya kumngoja nje ya kanisa, kofia mkononi, awaache wengine wapite kwanza. Hakuwahi kupandisha sauti.

"Mama Abby, majina yetu yamefika wapi?"

"Yako mbele, mzee."

"Haya. Mungu ni mwema."

Basi, anavaa kofia yake anakwenda. Jemutai aliona afadhali angemtukana. Ilifika mahali akawa anatokea mlango wa nyuma, ule wa karibu na jiko la kanisa, na hata huko Mbugua akamkuta mara mbili.

Mzee alifariki mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali. Kifua kilimbana Jumapili, na Alhamisi asubuhi akawa hayupo. Ilikuwa imeamuliwa azikwe kwenye shamba la mdogo wake Maina, upande wa Njoro, kwa kuwa ploti haikuwa na mahali pakavu pa kuchimba. Lakini Wariara alikuwa na ombi moja, na hakulibadilisha hata Maina alipojaribu kumshawishi: kabla ya kwenda Njoro, mwili upite nyumbani. Mzee aage mlango wake.

Jemutai alikwenda kwa chifu mara mbili wiki hiyo kuomba lori moja tu la changarawe, limwagwe kwenye njia ile ili gari la maiti lipite. Chifu hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu mbele yake, akasikiliza, akakata, akasema changarawe zipo lakini hazina idhini. Jemutai aliuliza idhini inatoka wapi. Chifu akanyoosha mkono kuelekea mjini, kama mtu anayeonyesha mahali mvua inakotokea.

Siku ya maziko dereva wa gari la maiti aliyatazama maji njiani akazima injini. Alisema ana bosi na gari si lake. Watu wakasimama pale wakitazamana. Sitati, muuza maji, ndiye aliyepata akili. Alishusha mitungi yake, akausugua mkokoteni, Wariara akatandika leso mbili juu yake, na jeneza likapakiwa. Punda akaingia majini bila ubishi mpaka maji yalipofika ekseli, hapo akagoma. Sitati akambembeleza, akamvuta, akaacha. Basi wanaume wanne wakalibeba jeneza mabegani wakaenda nalo hadi mlangoni pa nyumba ile, maji magotini, mchungaji nyuma yao amekunja suruali. Kuta zilikuwa nyeupe kwa chumvi hadi dirishani. Mchungaji akaomba kwa kifupi. Wariara alitaka kuingia ndani lakini sakafu haikuwa ya kuaminika, wakamshika. Kisha wote wakageuka wakarudi walikotoka.

Jemutai alikuwa ameshika mkono wa Wariara muda wote huo. Aliuachia walipokanyaga pakavu.

Ibada ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa, chini ya hema kubwa jeupe lililoletwa na mheshimiwa, mbunge wa eneo hilo. Mheshimiwa ndiye aliyeleta pia basi la kuwapeleka waombolezaji Njoro. Alifika ibada ikiwa nusu, magari mawili, akapeana mikono mstari wote wa mbele huku kwaya ikiimba. Chifu akamwinamia Jemutai sikioni akamwambia akimaliza salamu za mtaa amkaribishe mheshimiwa, na asirefushe.

Alisimama. Sketi ilikuwa imelowa hadi mapajani na gambuti zilikuwa zikifyonza kwa kila hatua. Akasema salamu za mtaa. Akasema Mbugua alikuwa mtu wa namna gani, na kwamba hapo uwanjani labda hakuna mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye choo cha Mbugua, na watu wakacheka kidogo, hata Wariara. Angeishia hapo. Alikusudia kuishia hapo. Lakini alipogeuka kumtazama mheshimiwa alimkuta ameshajiweka sawa, anafunga kifungo cha koti, na kidole gumba kinateleza juu ya simu.

"Mheshimiwa, nimeambiwa nikukaribishe, na nitakukaribisha," akasema. "Lakini nina swali moja, nimekaa nalo miaka mitatu. Jina la huyu mzee nimeliandika mara nne, na mara zote ni la kwanza, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya kwanza kutoka majini. Alikuwa akiniuliza kila Jumapili limefika wapi, na mimi nikamdanganya. Leo tunamzika. Tuambie wewe limefika wapi."

Zikasikika kamba za hema zikigonga nguzo. Mheshimiwa akatabasamu. Bila kuinuka, akasema kwa sauti ya upole kwamba mambo hayo yana mahali pake, na hapo si mahali pake.

"Haya," Jemutai akasema. "Basi nitakukaribisha siku tutakayokuwa mahali pake."

Akamkabidhi mchungaji maikrofoni, akaketi.

Wengine walipiga makofi, hasa vijana waliosimama nyuma. Wengi hawakupiga. Maina, mdogo wa marehemu, alishika kichwa kwa mikono miwili. Mheshimiwa alikaa kwa adabu wimbo mmoja mzima, kisha akainuka, akamwinamia Wariara, akaenda zake. Dakika chache baadaye waliokuja na hema wakaanza kulegeza kamba. Mchungaji alikuwa bado anahubiri. Watu walidhani ni upepo, mpaka upande mmoja ulipolala na manyunyu yakawaanza mabegani. Basi la waombolezaji nalo likawashwa, likatoka tupu.

Jemutai alikuwa amefikiri mara nyingi, akiwa kwenye foleni za ofisi zile, siku atakayoyatoa yaliyo moyoni itakuwaje. Alifikiri angehisi mzigo umemshuka. Alichohisi ni manyunyu shingoni, na macho ya watu.

Wariara alimfuata kabla jeneza halijapakiwa. Hakuwa analia.

"Ulichosema ni kweli, Mama Abby. Mimi najua zaidi yako. Lakini nilikuwa na siku moja tu ya mzee wangu, na wewe umeichukua."

Jemutai alisema pole, na neno lenyewe likatoka kama lile la asante ofisini.

Kiprugut ndiye aliyeokoa mchana ule. Alikuwa ametoka kushusha viazi sokoni na alikuja mazikoni akiwa na lori lake tupu. Alipoona watu wanaanza kutawanyika, akafungua mlango wa nyuma wa lori bila kumwuliza mtu, akatandaza magunia, akawasaidia akina mama kupanda. Walikwenda Njoro hivyo, zaidi ya watu arobaini, wameketi kwenye vumbi la viazi, wakiimba. Hata hivyo wengi walibaki. Njiani, Jemutai akiwa kiti cha mbele, alimsubiri mumewe aseme. Kiprugut aliendesha hadi walipopita mashamba ya ngano ndipo akasema kwamba yeye, tangu mwaka wa kwanza, alijua kazi ile itamfikisha mahali. Hakusema mahali gani.

Jumatatu chifu alimwita. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, na Jemutai akajua yaliyobaki kutokana na ile chai. Chifu alisema amepewa maagizo. Alisema yeye binafsi anamheshimu. Alisema mama amefanya kazi nyingi na sasa ni wakati wa kupumzishwa. Mahali pake angeshika Thuo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kwenye njia panda. Hakukuwa na barua, kwa sababu hata siku ya kumweka hakukuwa na barua. Jemutai akamaliza chai, akarudi nyumbani kwa miguu.

Alidhani atafurahi. Watu wangapi walimwambia aachane na kazi ile? Sasa akawa anaamka na hasira na hana wa kumpelekea. Kulikuwa na mtu aliyemrekodi kwa simu siku ya maziko, na video ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi Abby akaletewa na wanafunzi wenzake. Watu asiowajua walimwita simba jike. Kijana mmoja alimsimamisha sokoni, akamsifu, "Mathe, uliwapea," akataka wapige picha. Jemutai alikataa. Akamwuliza kama siku ile alibeba hata jiwe moja kuweka kwenye ile njia. Kijana akacheka akidhani ni utani. Kanisani, Wariara aliketi upande mwingine.

Wiki ya tano Thuo akaja nyumbani. Alikuwa mtu mstaarabu, ana miaka minne tu Kambi Punda, na alikaa kwenye ncha ya kochi kama mtu aliyekuja kuomba uchumba. Alitoa fomu kutoka kwenye bahasha. Majina yalitakiwa tena, safari hii kwenye fomu mpya, kila nyumba na picha yake, na ziwe ofisini Ijumaa. Tatizo lake lilikuwa rahisi. Alikuwa ameshuka kule chini kupiga picha akakuta kuta tu, nyingine zimelala, mabati yameng'olewa na wezi, na hakujua ipi ilikuwa ya nani.

"Unataka nini kwangu?" Jemutai akamwuliza.

"Unionyeshe tu, Mama Abby."

Alimwambia aende. Alimwambia yeye amepumzishwa, na mtu aliyepumzishwa hupumzika. Thuo akashukuru kwa adabu, akaacha namba yake ya simu, na adabu hiyo ilimkera zaidi kuliko kama angebishana. Siku nzima iliyofuata Jemutai alifanya kazi za nyumba kwa fujo. Alifua hadi mapazia. Alikuwa akijiambia kwamba fomu hii nayo itarudi, na kwamba mtu mwenye akili huumwa na mbwa yule yule mara ngapi. Lakini alijua pia kwamba akikaa, Thuo atakisia, na kati ya watu sitini na watatu nusu wataandikwa kwa picha za nyumba za wengine, na siku kitu kikija kweli, kama kitakuja, watakamatana mashati.

Jumatano asubuhi akampigia.

Walizunguka siku mbili. Yeye mbele akipapasa chini kwa fimbo, Thuo nyuma na simu yake na fomu ndani ya karatasi ya nailoni. Hapa ni kwa Shiru, alikuwa na saluni. Hapa kwa Kipyegon na watoto wake sita. Huu ukuta usiupige, huu ni wa jirani, ukuta wake ni ule uliolala. Thuo aliandika bila kuuliza maswali ya kipuuzi, na Jemutai akaanza kumwona kuwa si mtu mbaya, jambo lililomkera kwa namna nyingine.

Walipofika kwa Mbugua, Thuo alipiga picha, kisha akasimama akiisoma fomu. Ilitaka sahihi ya mwenye nyumba. Hakukuwa na mahali pa marehemu. Alipendekeza wairuke kwanza, waulize ofisini.

"Ukiiruka haitarudi," Jemutai akasema. "Andika Wariara."

Kwa hiyo ikawabidi waende kwa Wariara. Jemutai angependa Thuo aende peke yake, lakini ni yeye aliyejua ni karatasi gani za kuitisha. Wariara aliwafungulia akiwa amejifunga leso, akawasikiliza wakiwa wamesimama mlangoni, hakusema karibuni. Aliingia ndani. Walimsikia akifungua sanduku, akiondoa vitu juu ya vitu. Alirudi na mfuko wa plastiki wenye makubaliano ya kununua ploti, yameanza kuliwa na unyevu kwenye mikunjo, na kitambulisho cha mumewe. Alimpa Thuo, hakumpa Jemutai. Akatia sahihi akiegemeza fomu kwenye mlango.

"Na hii ndiyo ya mwisho?" akamwuliza Thuo.

Thuo akageuka akamtazama Jemutai.

"Sijui," Jemutai akasema.

Wariara alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Afadhali umesema hujui," akasema, na akafunga mlango taratibu.

Fomu zilifika ofisini Ijumaa, saa nne. Karani alizipokea, akagonga muhuri kwenye nakala, jambo ambalo halijawahi kutokea. Thuo alifurahi sana na ule muhuri, akampigia Jemutai simu akiwa bado kwenye ngazi. Jemutai akamwambia aiweke vizuri ile nakala. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Simu haikupigwa. Thuo alipokwenda kuuliza aliambiwa zoezi linaendelea, na alirudi na uso ambao Jemutai aliutambua.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, maji yakapanda mstari mwingine wa nyumba. Asubuhi moja Jemutai alikuwa uani akifua ovaroli za Kiprugut aliposikia mtu akibisha getini. Alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Becky, mpangaji wa zile nyumba za mabati, mtoto mgongoni, viatu mkononi. Alisema maji yameingia kwake alfajiri.

"Mimi si mzee wa mtaa," Jemutai akasema bila kuacha kufua. "Nenda dukani kwa Thuo."

"Nimetoka huko. Amesema nije kwako kwanza, wewe ndiye unajua vile huwa inaandikwa."

Jemutai akaikamua ovaroli kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akaitupa kambani. Akamwuliza kama amekuja na kitambulisho. Becky hakuwa nacho. Kilibaki ndani, kwenye droo ya pili ya kabati, na kabati limeloa. Jemutai akafungua mdomo amwambie arudi akakilete, kisha ndipo aje, na neno lilikuwa limefika ulimini alipolisikia lilivyo, neno la karani. Akalimeza. Mtoto akapiga chafya.

Alimtolea Becky kiti cha jikoni, akammiminia chai kwenye kikombe cha Abby, akamwambia ainywe yote. Halafu akaenda nyuma ya mlango kutafuta gambuti, akinung'unika kwa Kinandi maneno ambayo Becky hakuyaelewa, ili washuke wote wawili kukitoa hicho kitambulisho kabla maji hayajafika kwenye droo ya pili.